Pole Nyuma ya Mlango

Ukuta unaotenganisha nyumba yetu na ya jirani yangu pale Mtoni ni mwembamba, na kwa miaka kumi na sita nilijua alichopika, aliyemgombeza na saa aliyoamka kuswali. Yeye naye aliyajua yangu yote, hata yale ambayo ningependa asiyajue. Nilihamia pale nikitokea Iringa, mimba ya miezi saba, sijui hata kukuna nazi. Siku ya kwanza aliponiona nimeikalia mbuzi ya kukunia alicheka mpaka akashika mbavu. "Shoga yangu, nyie watu wa bara mnakuna nazi utafikiri mnachonga mwiko," alisema, akanisogeza pembeni, akakaa yeye.

Nilipojifungua nikashikwa na homa kali, nikalazwa wiki mbili. Jirani yangu alikuwa na binti wa miezi michache, bado ananyonya. Akamchukua na wangu, huyu kushoto, huyu kulia. Kwa watu wa pwani hilo si jambo dogo. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, na hakuna atakayekuja kukuambia vingine. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, binti zetu wakawa ndugu wa kunyonya. Wangu akamwita yeye mamkubwa, wake akaniita mimi mamdogo. Mpaka wanafika darasa la saba, mtoto wangu alikuwa anakula kwao, analala kwao, na kuchapwa anachapwa kwao. Tena alikuwa muongeaji! Nilikuwa namwambia aupumzishe mdomo, asije akaumaliza bado mdogo.

Nasema haya ili ieleweke kwamba hakuzaliwa hivi.

Simu aliletewa na baba yake, dereva wa malori ya Zambia, baada ya mtihani wa kidato cha pili. Kwa mdomo nililalamika, moyoni nilifurahi. Watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanakimbilia kila lilipofungwa spika la muziki wa singeli, na mimi pale kwenye stationari yangu, huku natoa kopi, nikawa nawaambia wateja kwamba wangu ametulia ndani, hana mambo. Nilijisifu hasa. Ningejua kutulia kule ni kwa namna gani, ningemfukuza mwenyewe akacheze singeli.

Ilianza kidogo kidogo, na mpaka leo nikitafuta siku yenyewe siipati. Niliona tu kwamba nikimwita kutoka sebuleni, simu yangu inalia mlio wa ujumbe: "Abee mama." Hatua sita kutoka kwangu! Nikacheka, nikadhani ni utani wa watoto wa siku hizi. Halafu nikaona kwamba akipigiwa simu anaiangalia inaita, anaiangalia tu kama mtu anayesubiri mbwa apite, ikikata ndipo anaandika. Nikimtuma dukani kununua chumvi anasimama ng'ambo ya barabara mpaka wateja waishe. Siku nyingine hawaishi, anarudi bila chumvi. Wageni wakija, anasukumwa na mimi mpaka mlangoni, midomo inacheza shikamoo lakini sauti haitoki, kisha anapotea. Wageni wanaitikia marahaba ya hewani, wananitazama. Najua walichokuwa wanasema wakifika barabarani. Mtoto wa yule dada wa stationari ana kiburi.

Si kiburi. Niliwahi kumuuliza, nikiwa nimekasirika, na yeye akaniandikia jibu tukiwa tumekaa kitanda kimoja. Aliandika kwamba akiwa mbele ya watu anahisi wote wanamtazama mdomo, na neno likishatoka halirudi. "Kwenye simu naweza kufuta," aliandika. Nililisoma mara tatu. Nikamwambia akaoge.

Nilijaribu yote ninayoyajua mimi, na ninayoyajua si mengi. Nilimnyang'anya simu siku tatu. Hakutoka chumbani hata hivyo. Aligeukia ukuta, hakula, siku ya nne nikairudisha mwenyewe nikiwa nimeogopa. Nilimpeleka kituo cha afya, daktari akamuuliza maswali, yeye akawa ananitazama mimi, mimi nikawa namjibia. Daktari akasema ni aibu ya umri, itapita. Baba yake kwa simu kutoka mpakani akasema nimchape. Siku ya pili akapiga tena, akasema nisimchape. Watu pekee waliokuwa wanamtoa sauti ni jirani yangu na binti yake, na wao nao mwaka huu wa mwisho walikuwa wanakuja kwetu, yeye haendi tena kwao. Jirani yangu alikuwa anaingia mpaka chumbani, anakaa chini, anamsuka nywele bila kumuuliza kitu. Nikipita mlangoni nilikuwa nasikia mwanangu anaongea. Sauti ndogo, lakini anaongea. Nilikuwa nasimama pale na ndoo yangu mkononi, naogopa hata kuiweka chini.

Jumanne moja asubuhi, nachemsha chai, nikasikia yowe kupitia ukutani. Jirani yangu alianguka akiwa anafua. Presha. Alikuwa na presha kwa miaka mingi na vidonge alikuwa anavimeza siku anazojisikia. Mpaka nafika walikuwa wameshamfunika khanga.

Nilirudi nyumbani kuvaa, nikakuta mwanangu amesimama sebuleni. Alikuwa ametoka mwenyewe, bila kuitwa.

"Mamkubwa?" akauliza, kwa sauti.

Nikatikisa kichwa. Aliniangukia shingoni akalia kilio cha mtu mzima, na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya msiba wa shoga yangu nilihisi furaha kidogo. Nilisema moyoni, basi hili ndilo litakalomtoa. Akavaa dera, akajifunga khanga moja na nyingine akajitanda kichwani, tukatoka.

Kutoka geti letu mpaka lao ni hatua ishirini. Njia ilikuwa imeshajaa. Wanaume wanafunga turubai, mabenchi yanashushwa, kina mama wanaingia kwa makundi, na kila mtu anageuza shingo kuangalia nani amefika, kama ilivyo kwenye kila msiba. Mwanangu akasimama. Niliushika mkono wake. Mshipa wa shingoni ulikuwa unaruka.

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini? Ni hapo tu!"

"Wananiangalia."

"Wanaangalia kila mtu! Ni msibani hapa!"

Nikamvuta. Sijivunii, lakini niseme ukweli, nilimvuta kama unavyovuta mbuzi asiyetaka kwenda machinjioni Vingunguti. Nikamwambia kwa meno yaliyofungwa, "Yule alikunyonyesha, wewe!" Akatapika palepale getini, chai yote, mbele ya watu. Nikamwachia mkono. Akarudi ndani akikimbia, na mimi nikaenda msibani peke yangu nikiwa na matapishi kwenye ndala.

Binti wa marehemu alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake wa kwao. Aliponiona aliinuka, akaniangukia kifuani. Baba yake alikwisha kufa zamani, ndugu wa tumbo moja hana. Alilia, kisha akanyanyua kichwa akatazama nyuma ya bega langu, upande wa mlango.

"Mamdogo, mwenzangu yuko wapi?"

Ningeweza kusema ukweli. Lakini ukweli wenyewe ungesemwaje? Kwamba ndugu yako yuko hatua ishirini kutoka hapa, mzima wa afya, ila anaogopa kutazamwa? Nani angeelewa, na mimi mwenyewe sielewi? Nikasema, "Anaumwa. Homa kali, anatapika, hata kusimama hawezi."

Uso wake ulilegea kidogo. "Nilijua tu kuna kitu," akasema. "Asingeniacha." Waliokuwa wameona yale ya getini wakaitikia kwamba kweli, mtoto hali yake si nzuri. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi niliyazua maradhi kwenye kilio, na hakuna mhenga aliyenionya kuhusu hilo.

Marehemu alizikwa alasiri ileile. Jioni shangazi wa binti, mwanamke mrefu wa Tanga aliyekutwa na msiba akiwa matembezini Dar, mwenye sauti ya kuamrisha, akatangaza kwamba siku ya tatu matanga yakishaanuliwa anaondoka na mtoto wa kaka yake. Hawezi kumwacha msichana peke yake Dar. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Nilikaa pale namenya vitunguu saumu, nahesabu siku. Mwanangu alikuwa na siku tatu za kumpa ndugu yake mkono na kumwambia pole.

Kila nilipotoka msibani niliingia chumbani kwake. Nilimbembeleza, nilimfokea, nilipiga magoti. Nilimwambia tutapita mlango wa uani, nitawaomba watu wote watoke, utamwona yeye tu. Anaitikia kwa kichwa, anavaa, anafika sebuleni, anarudi kuvua. Mara moja alifika mpaka kwenye geti na akashika komeo. Sijui nani alicheka huko nje, akarudi.

Siku ya pili aliniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kumwandikia. Niliona kwenye kioo cha simu kwamba alikuwa ameshaandika kirefu, kimejaa mpaka chini. Na mimi nikapandwa na hasira zangu za kijinga. "Uandike?" nikasema. "Pole ya mama aliyekunyonyesha unaiandika, kama mtu anayeagiza chipsi? Ukimtumia hayo maandishi nitaipasua hiyo simu." Akafuta. Nilimwona anafuta, herufi moja moja. Kwa hiyo siku tatu zote hizo yule mtoto mfiwa hakupata hata neno moja kutoka kwetu, na aliyelizuia ni mimi.

Siku ya tatu, baada ya dua na pilau, niko nyuma naosha masufuria, nikamsikia shangazi anauliza, "Na yule mgonjwa wa jirani, mmeshaenda kumjulia hali?" Mtu yeyote aliyekulia mitaa yetu angejua kwamba hili litakuja. Ukisema mtoto anaumwa, watu wanakuja. Hata kama wao wenyewe wamefiwa, wanafunga msiba wao, wanapitia kwako. Mimi nimeishi nao miaka kumi na sita, nimekwenda kuwaona wagonjwa wao na machungwa mkononi, na bado nilisema uongo ule kana kwamba hauna miguu.

Niliwaambia analala. Shangazi akasema, "Mgonjwa siku tatu analala tu? Basi hata sie wenye msiba tuna haki ya kumwona." Mmoja alikuwa ameshachukua birika la uji wa ndimu, mwingine mfuko wa machungwa. Nilijifuta mikono, nikageukia ukutani, nikatoa simu. Mimi huyu, adui wa simu, nikaandika: "Wanakuja kukuona. Lala. Jifunike." Tiki zikawa za buluu papo hapo, ameshasoma.

Walikuja wanawake saba, shangazi mbele, binti wa marehemu katikati akiwa ameshikwa mkono. Waliingia sebuleni kwangu kwa hodi moja na kwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Shangazi akagonga. Kimya. Akagonga kwa kiganja chote. "Mwanangu! Sie wazazi wako, tufungulie!" Kimya. Nilikijua kimya kile, ni cha mtu aliyebana pumzi. Wao hawakukijua.

"Huyu kazimia," mmoja akasema.

"Yallah! Kajifungia na homa! Jamani, nondo, leteni nondo tuvunje!"

Wawili wakatoka mbio kutafuta vijana. Birika liliwekwa chini, mtu akalipiga teke, uji ukamwagika kwenye zulia. Binti wa marehemu alikuwa ameweka mikono kichwani, analia upya, anasema, "Jamani na huyu tena, na huyu tena." Hapo nilishindwa.

"Haumwi," nikasema.

Hawakunisikia. Nikasema kwa nguvu, "Haumwi! Mzima. Anawaogopa watu. Nilidanganya."

Nilitamani ardhi ipasuke. Wote walinigeukia, na kwa mara ya kwanza nadhani nilihisi kile anachohisi mwanangu kila siku ya Mungu. Shangazi alinitazama kuanzia kwenye kilemba mpaka kwenye kucha.

"Maradhi yanasingiziwa, bibi? Tena kwenye msiba?"

Alinigeuzia mgongo, akawaambia wenziwe, "Twendeni, gari lisije likatuacha." Wakatoka mmoja mmoja. Mmoja alirudi kuchukua birika.

Binti wa marehemu hakutoka. "Shangazi, nakuja," alisema, akakaa chini kwenye sakafu, mgongo kwenye mlango wa mwanangu, miguu ameinyoosha kama walivyokuwa wanakaa wakiwa wadogo. Mimi nilisimama jikoni. Nilipaswa kuwaacha, sikuweza.

"Mwenzangu, ni mie," akasema. "Wameondoka wote."

Kimya.

"Sikukasirikii. Nilidhani unakufa na wewe, ndo nikalia." Akaegemeza kichwa mlangoni. "Nimemwosha mama. Mie na shangazi na wale mabibi. Nywele zake nilizifumua mie mwenyewe. Nilikuwa nakutafuta unishikie kitana."

Simu yake ikalia mlio wa ujumbe mfukoni mwa dera. Akaitoa, akasoma, midomo ikacheza. Akafuta machozi kwa kiganja. Nilisema moyoni, sawa, na iwe hivyo, bora hata hayo maandishi. Lakini yeye akaweka simu chini sakafuni.

"Hapana," akasema. "Pole za kuandikwa ninazo mia mbili. Darasa zima wameniandikia. We nambie kwa mdomo. Pole tu. Sitageuka kukuangalia, we usifungue hata mlango. Nataka sauti ya mtu wa nyumbani."

Nilisikia kitanda kikilia. Nilisikia hatua zinakuja mpaka mlangoni na kusimama. Walikuwa karibu kugusana, ubao tu katikati. Niliomba kwa majina yote ninayomjua nayo Mungu, na mengine ya jirani yangu. Nilisikia pumzi inavutwa, ikavutwa tena. Kisha kwenye kioo cha simu pale sakafuni, ukurasa wao bado uko wazi, hata mimi kutoka mlango wa jikoni niliona neno: anaandika. Ikapotea. Anaandika. Ikapotea. Binti aliitazama vile kwa muda mrefu, mikono mapajani. Nje dereva wa Noah akapiga honi, akapiga tena, na shangazi akaita.

Hakuna kilichofika. Binti aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akaweka kiganja mlangoni kama unavyompapasa mtoto aliyelala. "Haya, mdogo wangu," akasema. Akaja jikoni akanikumbatia. Nilitaka kumwomba asubiri dakika mbili. Lakini nimewahi kuziomba hizo dakika mbili kwa walimu, kwa wageni, kwa padri, na ninajua zinavyokwisha. Nikamwacha aende.

Nilisimama getini mpaka Noah ikakunja kuelekea Barabara ya Kilwa. Niliporudi ndani nilichukua kitambaa, nikapiga magoti, nikaanza kufuta uji kwenye zulia. Jua lilikuwa linashuka. Nikasikia komeo linafunguliwa.

Alisimama mbele yangu, macho yamevimba, simu hana. Akafumbua mdomo na sauti ikatoka, sauti yake ile ya zamani, yenyewe.

"Pole, dada yangu," akasema. "Pole kwa mama yetu. Mie nimekula kwake, nimelala kwake, ameninyonyesha sikuwa na mtu. Nilimsikia akianguka, nilikuwa macho, nilidhani ni ndoo. Nisamehe sikuja kumshika. Mungu amlaze pema na wewe akupe subira, na usinione sikupendi, nakupenda."

Alisema yote, bila kukwama hata mara moja. Maneno ya mtu mzima, ya kufundishwa na marehemu mwenyewe. Alikuwa ameyatengeneza siku tatu.

"Mwanangu," nikamwambia, "bado hawajafika mbali. Tumpigie. Mwambie hivyohivyo."

Nikamnyooshea simu yangu, namba yenyewe tayari. Aliitazama, na nikauona mshipa wa shingoni unaanza kuruka. Akatikisa kichwa. Lakini hakuondoka. Alibaki amesimama pale, mikono ameinyoosha ubavuni, ananitazama kama anayengoja kitu, na nikaelewa kwamba pole ikishatolewa lazima iitikiwe.

"Nimeshapoa, mdogo wangu," nikasema, maana hapakuwa na mwingine wa kuitikia.